Mwenzako Naye Amehama

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu mliotoka Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi na Rwanda, na nyinyi wenyeji wetu wa Uganda mliokubali kukaa nasi jioni hii, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya mke na mume wanaoanza maisha na kazi ugenini. Ningeweza kuwaeleza habari za nyumba, shule na bei ya mafuta ya kupikia, na mengine nitayagusa. Lakini liko jambo moja linaloniuma, na kwa kuwa nimepewa kipaza sauti nitalianza hilo. Katika nyumba nyingi zinazohamia Kampala, mmoja amekuja na kazi, mwingine amekuja na yule mwenye kazi. Mwenye kazi anapokewa. Ana ofisi, ana kibali, ana mshahara, ana watu wanaomwita kwa jina lake kila asubuhi. Mwenzake anakabidhiwa funguo za nyumba na kuambiwa, "Utazoea." Huyo wa pili ndiye ninayemsemea leo. Mara nyingi ni mke, ingawa wako pia waume waliofuata wake zao, na hao huumia kimyakimya kwa sababu hata kulalamika wanaona aibu.

Mimi ni mmoja wa waliofuata. Nilikuwa nafundisha Mwanza, mume wangu akapata kazi hapa, tukapanda basi, tukavuka mpaka pale Mutukula na masanduku yetu. Kule watoto walikuwa wakisimama ninapoingia darasani. Huku nikawa mtu wa kuulizwa, "Mzee yuko?" Namshukuru Mungu kwamba mume wangu aliliona hilo mapema. Tulikaa mezani na daftari la shule, tukapiga mstari katikati ya ukurasa, upande huu mambo yake, upande huu mambo yangu. Upande wake ulijaa alama za vema upesi, kwa sababu mwajiri wake aliandika barua na milango ikafunguka. Upande wangu ulikuwa na vyeti vya kufundisha, laini ya simu, akaunti ya benki, kibali, na mtu wa kunifundisha Luganda. Akasema, "Sofa itangoja. Tuanze na upande huu." Tulikaa kwenye mkeka na viti vya plastiki muda mrefu, na wageni walikaa hapohapo pamoja nasi. Waume mlioko hapa, sofa inaweza kungoja.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba iliyohama wageni ni wawili, basi na majembe yawe mawili.

Tuje kwenye karatasi, kwa maana ndipo wengi wanapokwama. Mfanyakazi anayeletwa na mwajiri hupewa kibali cha kazi kwa jina lake na kwa kazi ile. Mume au mke wake na watoto hupewa pasi ya mtegemezi. Pasi hiyo inakuruhusu kuishi Uganda na mwenzako. Haikuruhusu kufanya kazi. Wengi hawalijui hili mpaka siku wanapopata kazi na mwajiri akauliza kibali kiko wapi. Ukitaka kuajiriwa, au kufungua duka, unaomba kibali chako mwenyewe, na vibali viko vya madaraja mbalimbali: cha mwajiriwa si kile cha mfanyabiashara. Ipo pia pasi maalumu kwa shughuli za muda mfupi. Maombi yanafanywa kwa njia ya mtandao, katika tovuti ya Uhamiaji yenyewe. Kwa hiyo yule kijana anayewasubiri nje ya lango na kuwaambia ana mjomba ndani, mpiteni tu.

Wakenya na Wanyarwanda hawalipi ada ya kibali cha kazi hapa Uganda, kwa makubaliano ya nchi hizo tatu. Lakini kutolipa si kutoomba. Nimewaona watu wakikaa bila karatasi kwa kudhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshawaombea. Hakuna aliyekuombea. Sisi wengine, kila mtu aulize ada ya nchi yake kabla hajafunga mizigo, aiweke kwenye bajeti pamoja na nauli, na aiweke mara mbili kama wawili wote wanataka kufanya kazi.

Kuna kitu ningependa kila mmoja wenu aondoke nacho kichwani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Kifungu chake cha 10 kinampa mfanyakazi anayehamia nchi mwanachama haki ya kufuatana na mwenzi wake na watoto, na kinasema mwenzi huyo naye ana haki ya kuajiriwa au kujiajiri katika nchi hiyo. Yaani viongozi wetu walipokaa kuandika soko moja walimkumbuka huyu ninayemsemea. Taratibu za vibali bado zipo na tunazifuata, lakini unapokwenda dirishani kuomba, usiende kama mtu anayeomba hisani. Kongo nayo iliingia kwenye Jumuiya mwaka 2022, kwa hiyo ndugu zangu wa Goma na Bukavu, hili ni lenu pia.

Na wale mliokuja kama wakimbizi, sheria yenu ni nyingine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na ya kutembea. Hapa nasisitiza jambo moja tu: mke na mume, kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi mwake, si vyote viwili kwenye mfuko wa koti la baba. Baba akisafiri kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale kuona ndugu, mama anabaki Kampala hana hata karatasi ya kumwonyesha polisi.

Tafadhali msianze kazi kwa kujificha mkitumaini mambo yatajipanga. Mama anayepika nyumbani na kupeleka vyombo vya wali na nyama kwenye ofisi za watu anadhani hiyo si kazi, ni bidii tu ya mwanamke. Mbele ya sheria ni biashara. Akishikwa hapotezi biashara peke yake, anaweza kuivuruga hata nafasi ya mumewe kukaa hapa. Bidii yake ni ya thamani mno kuiweka kwenye hatari hiyo, na ndiyo sababu nasema kibali chake kije kabla ya sufuria.

Kama bado hamjasaini mkataba, au unakaribia kuhuishwa, kaeni wote wawili muusome. Nasema wote wawili. Ulizeni mwajiri: pasi ya mwenzangu na ya watoto analipa nani? Mkataba ukiisha ghafla, nauli ya kurudi ni ya watu wangapi? Matibabu yanahusu familia au ni ya mfanyakazi tu? Kwenye NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mwajiri anachangia asilimia 10 na mfanyakazi anakatwa asilimia 5. Mwenzako anajua namba yako ya uanachama? Jina lake limo? Mwajiri mwema hachukii maswali haya. Na kuna mambo ambayo mwajiri huyatoa kwa urahisi kabla ya saini, na baada ya saini hayatoi hata kwa machozi.

Kwenye nyumba nitapita haraka, maana kila mtu hapa ana kisa chake na madalali. Ninachotaka ni majina mawili. Mkataba wa nyumba uandikwe majina ya wote wawili. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 imeweka kikomo cha kupandisha kodi, isizidi asilimia 10 kwa mwaka, lakini sheria hiyo itakusaidia vipi kama huna maandishi? Mkifika mtaani, nendeni kwa mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la mtaa, wote wawili, awaone, awaandike. Barua yake mtaihitaji benki na kwingineko. Laini ya simu, kila mtu asajili yake kwa pasipoti yake, kwa sababu hapa laini ndiyo pochi. Mwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenzake anashika pesa za mtu mwingine hata kama amezitafuta kwa jasho lake. Na mkianza kuota kiwanja, jueni mapema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya mailo, ule umiliki wa zamani wa Buganda usio na kikomo, wala ya umiliki wa kudumu (freehold). Anaweza kukodishwa tu, na mwisho wake ni miaka 99. Atakayewauzia kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ya mtu mwingine, kwa maneno matamu, ombeni kwanza wakili asome.

Sasa kazi yenyewe. Mwalimu, muuguzi, mhasibu, fundi aliyesoma, usiache vyeti vyako nyumbani ukidhani utavitumiwa baadaye. Njoo na vyeti halisi vya shule, matokeo yako ya kila mwaka chuoni, na leseni yako ya taaluma. Vyeti vya sekondari vya nje vinapimwa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kuona vinalingana na nini hapa. Shahada na stashahada zinapitia Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Muuguzi ana baraza lake la kumsajili, daktari ana lake, mwalimu anasajiliwa na Wizara ya Elimu. Inachukua muda, na inachosha zaidi ukiifanya peke yako. Mume wangu aliomba ruhusa kazini akanisindikiza, na tulipokuwa kwenye foleni alikaa pale benchi pamoja nami. Nilifarijika kuliko ninavyoweza kueleza.

Walimu wa Kiswahili hasa nawaomba mnisikilize. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umeweka Kiswahili kuwa somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili, wenyewe wanasema S1 na S2. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likaamua kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa, shule za msingi na sekondari. Shule zinahitaji walimu. Katika ukumbi huu wako kina mama na kina baba waliofundisha Kiswahili kwa miaka Bukoba, Kisumu, Bujumbura, ambao sasa wanashinda ndani wakisubiri mwenzao arudi kazini. Hilo linaniuma kwa ajili yao, na kwa ajili ya watoto wa Uganda pia.

Lakini hapo kwenye Kiswahili inatupasa kuwa na adabu kubwa. Wazee wengi wa Kampala hawakuisikia lugha yetu kwa mashairi wala kwa taarabu. Waliisikia kwa mtu mwenye bunduki, kwenye vizuizi vya barabarani, usiku. Rais Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa katika miaka ya sabini, na ndicho kilichotumika kwenye kambi za jeshi. Jeshi la Tanzania lilipoingia Kampala Aprili 1979 pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, nalo lilikuja na Kiswahili. Wapo wanaokumbuka wakombozi na wapo wanaokumbuka zaidi hofu. Kwa hiyo mzee akinyamaza unapomsalimia kwa Kiswahili chako safi cha pwani, usimwone ana kiburi. Jifunze Luganda umsalimie kwa lugha yake. Lugha yetu ataipokea akishaujua moyo wako.

Na hapa nimeona jambo ambalo wenye kazi hawalitegemei. Anayejifunza nchi kwanza ni yule anayebaki mtaani. Mwenye kazi anaongea Kiingereza ofisini, anarudi jioni amechoka, mwaka unapita hajui kuomba chumvi kwa Luganda. Aliyebaki anakwenda dukani asubuhi. Mara ya kwanza nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza ndizi na nyanya karibu na kwetu, nikauliza bei moja kwa moja. Akaniangalia, akaendelea kupanga nyanya zake mafungu mafungu, ya chini makubwa, ya juu dogo moja. Akaja msichana wa jirani, akapiga magoti pale penye vumbi, akasema, "Wasuze otya, nnyabo?" yaani umeamkaje, mama? Yule mama akajibu, akauliza habari za nyumbani, msichana akajibu, naye akauliza habari za watoto, wakashukuriana kwa kazi, "Gyebale ko", na baada ya hayo yote ndipo nyanya zikatajwa. Msichana alipewa fungu lake na nyanya moja ya nyongeza. Kesho yake nilirudi, nikainama, nikasalimia kama nilivyosikia, kwa matamshi ya Mwanza. Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno, akawaita majirani waje wanisikie. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa mtaa ule. Yeye ndiye aliyenionyesha anakonunua matoke kwa bei ya jumla, ndiye aliyenieleza gari la maji hupita siku gani, na ndiye aliyenipeleka kwa mwalimu mkuu wa shule niliyokuja kufundisha baadaye.

Mume wangu na shahada zake hakuipata njia hiyo. Niliipata mimi niliyeandikwa mtegemezi. Nasema hili kwa ajili ya ninyi mnaobaki nyumbani na kujiona hamna mchango: ujuzi wa mtaa ni mali ya familia nzima. Nanyi wenye kazi, mkirudi jioni, muulizeni mwenzenu leo amejua nini, muulizeni kwa kutaka kujua, kama mnavyomuuliza mfanyakazi mwenzenu. Watoto wenu watazungumza Luganda kabla yenu, na mnajua mtoto akishakuwa mkalimani wa mama yake, heshima nyumbani inalegea. Mjifunze mapema.

Nije kwenye pesa, nikijua kwamba hapa ndipo ndoa nyingi za ugenini zinapopasuka. Mkihama, huko nyumbani habari zinaenea kwamba mmetajirika. Simu zinaanza. Kwao mume kuna ada ya shule, kwao mke kuna mama anayeumwa, kuna paa, kuna msiba. Mwenye mshahara anatuma kwao kwa sababu pesa iko kwenye simu yake na aibu ya kukataa ni yake. Asiye na mshahara anaona mama yake hapati kitu, anameza. Anameza mwezi, anameza mwaka, siku moja anatapika yote kwa sababu ya sahani iliyovunjika, na mwenye mshahara anashangaa sahani tu imekuwaje. Kaeni chini mwanzo wa mwezi, mtaje kiasi kinachokwenda nyumbani, kigaweni pande zote mbili kabla simu hazijaanza kulia. Na kitakachokwenda kwa wazazi wa mke akitume mke, kwa simu yake. Mama yake asikie sauti ya binti yake ikisema, "Mama, nimekutumia." Wazazi wa mume vilevile, pale ambapo mke ndiye mwenye kazi.

Najua wako watakaosema mshahara mmoja hautoshi yote haya, kibali cha pili, kozi ya Luganda, ada za kupima vyeti. Ni kweli, kuna miezi haitoshi. Ndiyo maana nawaomba msikae kila familia kwenye ua wake. Kina mama wa Kampala wana vikundi vyao vya kusaidiana, nigiina, wanakutana na kupeana kwa zamu. Ukishakuwa mtu wa mtaa watakukaribisha. Na sisi wenyewe tulio hapa tunaweza kufanya zamu kwa ajili ya vibali. Familia kadhaa zikichangiana, kila baada ya muda mke au mume mmoja anapata kibali chake, anaanza kazi, naye anachangia anayefuata. Nimeona ikifanyika kwa majirani wa Kikongo kule Katwe, walifanya hivyo kwa mitaji ya vitenge, na biashara zile zinaendelea. Kwa nini tusiifanye kwa kibali?

Nawaomba pia wenyeji wetu. Mnapomkaribisha jirani mgeni kwenye harusi au kwenye mazungumzo ya mtaa, mwulizeni mkewe, au mumewe, yeye anafanya kazi gani, na alikuwa akifanya nini kwao. Wengi hawajaulizwa swali hilo tangu wavuke mpaka. Utashangaa mtu atakavyonyooka mgongo akianza kukujibu.

Pale mlangoni kuna meza mbili. Ya kulia wamekaa wenzetu wawili waliokwisha kupitia maombi ya vibali na upimaji wa vyeti; watawaonyesha namna ya kujaza, bila malipo. Ya kushoto kuna daftari la wanaotaka kuingia kwenye mchango wa zamu. Jumamosi ijayo saa nane mchana tunakutana hapahapa kuanza kujaza fomu. Njoo na pasipoti, cheti cha ndoa, picha ndogo na vyeti vyako vya masomo. Na tafadhali, usitume mwenzako aje na karatasi za wote wawili. Njooni pamoja.